Shali la Taisia Kwenye Fremu

Kapitolina alilitoa shali kwenye beseni kama amtoaye mtoto mchanga majini, viganja chini, pumzi juu. Kazi ya majira yote ya baridi ilikuwa imeloa ikajikunja, ikawa donge la kijivu lisilojaa sahani. Alilikandamiza ndani ya shuka kuukuu mpaka maji yakaisha, kisha akaitazama fremu iliyoegemea ukuta: miti minne yenye misumari, pana kuliko kitanda.

Shali hutandazwa na watu wawili. Mmoja huku, mwingine kule, wanavuta kwa pamoja. Akivuta mmoja tu linakwenda upande. Na kesho kutwa binti yake Taisia angeolewa nalo mabegani.

"Nishike mimi, mama," alisema Taisia.

"Kaa mbali! Bibi harusi hashiki shali lake bichi. Atalia ndoa nzima."

"Basi namwita Mama Fedosya."

"Thubutu."

Fedosya wa nyumba ya pili ndiye aliyekuwa akitandaza na Kapitolina tangu wote wawili wana nywele nyeusi. Halafu mwaka jana, sokoni mjini, akawaambia wanunuzi kwamba hariri ya Kapitolina ni uzi wa kiwandani. Uongo mtupu. Kapitolina alikuwa akisokota manyoya laini ya mbuzi pamoja na hariri, kama mama yake. Tangu siku hiyo hawakupeana hata salamu.

Lakini msimu huu hariri haikupatikana, na Kapitolina, mapazia yamefungwa, akasokota manyoya na uzi uleule wa kiwandani. Ukikauka unang'aa kama hariri. Ukiloa hauna nguvu. Na hapakuwa na vidole kijijini vya kuutambua upesi kuliko vya Fedosya.

Taisia alikwisha kwenda uani kumwita Fedosya kwa kelele. Punde Fedosya akaingia, unga wa mkate mpaka kwenye viwiko, akanawa bila kualikwa.

"Taisia, mwambie mwenye nyumba aweke fremu chini."

"Mama, anasema..."

"Nina masikio. Mwambie mgeni asikanyage kamba."

"Mwambie nilikuwa naruka kamba hizi yeye hajajua kushika sindano."

Walipiga magoti wakikabiliana. Walipitisha kamba katika meno ya pindo, vile vipembe vya ukingoni, jino baada ya jino, wakaitundika kwenye misumari. Shali likaanza kufunguka. Maua madogo yalijitokeza katikati yake kama barafu inavyochora kwenye kioo cha dirisha. Taisia akasahau kufunga mdomo.

"Haya," alisema Fedosya, akajizungushia kamba kiganjani. Alikuwa na nguvu ya kufungua lango lililogandishwa na theluji; hariri ilikuwa imeizoea. "Moja, mbili..."

Kapitolina aliona uzi mmoja wa pembeni ukinyooka, ukakonda.

"Acha! Taratibu, Fedosya. Si hariri."

Taisia alimtazama mama yake, kisha akatazama sakafu.

"Ni ule wa kiwandani," alisema Kapitolina. Shingo yake iliwaka. "Ukiloa unakatika. Uvute kidogo kidogo."

Fedosya aliilegeza kamba. Akalisugua shali kwa kidole gumba, akalisugua tena.

"Mwaka jana je?"

"Mwaka jana ilikuwa hariri, na wewe ulijua."

"Nilijua." Aliangalia mikono yake. "Watu walikuwa wamejaa mezani kwako, kwangu hata nzi hatui. Wivu, Kapa."

"Basi umenisingizia, nami nimekufuata nyuma nikautimiza uongo wako."

Fedosya alijizuia, akashindwa, akacheka mpaka akashika mbavu. "Mshenzi wewe! Ungeningoja hata nife kwanza!"

Walivuta upya, msumari mmoja kwa zamu, wakisikilizia uzi kwa ncha za vidole. Mwishowe shali lilisimama likiwa limenyooka, ila halikuifikia misumari ya nje. Upana wa kiganja ulibaki wazi kila upande.

"Dogo," alisema Taisia polepole.

"Na wewe ni mnene?" Fedosya alimjibu. "Litakutosha."

Kapitolina hakuinuka. "Watu wa harusi watakuuliza, Fedosya. Wanajua tuligombania nini."

"Na waulize." Fedosya alikuwa akifunga fundo la mwisho kwa meno. "Nitawaambia la mwaka jana lilikuwa hariri, nami nilisema uongo. La leo sema mwenyewe ukitaka. Mimi nitasema nililitandaza."

Kapitolina akanyoosha mkono juu ya shali, akamshikia ncha ya kamba isilegee.