Mengine Utayakuta Huku

Niseme mapema ili msinikatize katikati: aliyemuua Mzee Eliamini akiwa anakula makande yake ni mimi. Sikumpiga wala sikumlisha kitu, nilimuua kwa mdomo huu huu, kengele ya kanisa ikapigwa, na mimi mwenyewe nikajifunga kanga kiunoni nikaenda kumlilia. Mpaka leo nikikumbuka masikio yanapata moto. Haya, chekeni, ila mnibakizie nafasi ya kumaliza.

Mnanijua mimi ni mtu wa soga za uso kwa uso. Barua sizipendi (barua hata uiandikie utani namna gani haicheki), na salamu za kutumiana kwa watu naziona kama chai iliyopoa. Shoga yangu Namsifu naye ni hivyo hivyo. Tumekua pamoja huku juu Mamba, kwenye milima ya Upare, tumechunga mbuzi pamoja, tumechapwa pamoja, na hata alipoolewa kule chini kwenye mashamba ya mkonge tulikuwa tunakutana Same siku ya gulio, mimi na gunia langu la tangawizi, yeye na mtoto mgongoni, tunakaa pembeni tunapiga soga mpaka wateja wanatupita wakidhani tangawizi si ya kuuzwa.

Tulikuwa tunakutana Same kwa sababu kwao alikuwa hakanyagi. Aliolewa na fundi Sadoki, seremala wa shambani kule, Mha kutoka Kigoma, mtu mpole mwenye mikono mikubwa na maneno machache. Mzee Eliamini, baba yake Namsifu, aliposikia akasema hakuzaa binti ili aje aolewe na manamba, kibarua wa mkonge asiyejulikana kwao wala ukoo wake. Sadoki alipopanda mlima kuja kujitambulisha, Mzee alisimama mlangoni, hakuitikia shikamoo yake, akamwonyesha njia aliyojia. Namsifu akafunga virago, akamfuata mume. Baba na binti wakawa hawasemezani, na Mzee (mkewe alishafariki zamani) akabaki peke yake na migomba yake na ukaidi wake.

Mimi ndiye nilikuwa katikati. Kila nikirudi kutoka gulioni napitia kwa Mzee, namwachia habari bila kuulizwa: Namsifu anaendelea vizuri, Namsifu amepata mtoto wa kike. Mzee anajifanya hasikii, anachonga mpini. Basi siku moja nikamwambia, "Na mtoto wamempa jina la marehemu mama, anaitwa Nakiete." Mpini ukaanguka. Wiki iliyofuata akaniita, akazungukazunguka na habari za mvua, kisha akasema, "Nanzia, mwambie mwenzio aje. Aje na mtoto. Na huyo mwanaume wake... naye aje."

Jamani! Nilitamani kuruka. Lakini nilimjua Mzee, ukimpa muda wa kufikiri ukaidi unarudi, na gulio lilikuwa bado mbali. Kwa hiyo asubuhi na mapema nikateremka mbio mpaka barabarani kuliwahi lori la tangawizi, maana enzi zile lori likikupita hujui kama lijalo litakuwa na mafuta, au matairi, au dereva. Nikamkuta Jumanne, utingo wa lile lori, anakaza kamba. Nikamwambia mkipita pale shamba la mkonge mfikishie Namsifu wa fundi Sadoki ujumbe, kwamba baba yake anamhitaji nyumbani.

Jumanne akauliza, "Nimwambie kuna nini?"

Hapo ndipo nilipoharibu. Ningesema tu, baba yake amemsamehe, habari ikaisha. Lakini roho ikaniambia, Nanzia, habari tamu hivi umpe utingo aiseme yeye? Nilitaka niimwage mwenyewe, nimwone Namsifu uso unavyobadilika, tushikane, tulie, tucheke. Nikajizuia. Nikasema, "Mwambie aje nyumbani haraka, aje na mume na mtoto. Mengine atayakuta huku."

Ninyi wenyewe mnajua kwetu maneno hayo maana yake nini. Msiba hausemwi njiani. Mtu akifariki huambiwi amefariki, unaambiwa njoo nyumbani haraka, mengine utayakuta, na wewe mwenyewe unaanza kulia kabla hujamaliza kusikiliza. Nimeyasikia maneno hayo tangu utotoni, nimeyatumia mwenyewe kwenye misiba ya watu, na asubuhi ile, kwa furaha niliyokuwa nayo, hayakunigonga hata kidogo.

Jumanne akavua kofia. Akaniangalia kwa huruma, akasema, "Pole sana, dada."

Mimi nikadhani ananipa pole ya kuteremka mlima wote ule alfajiri. Nikamjibu kwa tabasamu, "Nimeshapoa!" Nikageuka nikapanda zangu nikiimba. Alivyosimulia baadaye, alibaki anamwambia dereva, "Wapare bwana, wana moyo."

Lori likateremka, na Jumanne hakuwa mtu wa kukaa na jambo peke yake. Kila walipopakia gunia alisema, pole zenu, Mzee Eliamini hatunaye. Kesho yake mchana nikiwa nang'oa tangawizi nikasikia kengele ya kanisa inapigwa ule mpigo wa polepole, mpigo wa msiba. Nikasimama. Nikamwuliza mama mmoja anayepita na mzigo wa kuni kichwani ni nani tena, akasema, "Hujasikia? Mzee Eliamini."

Nililia kweli, wala si utani. Mguu mmoja nimevaa kandambili na mwingine mtupu, maana ya pili ilinasa kwenye tope sikurudi kuichukua. Nililia kwa ajili ya Mzee, na nikalia zaidi kwa ajili ya Namsifu, kwamba amesamehewa na hatajua, kwamba anakuja kukuta mtu hayupo. Njia nzima nasema, "Mzee wangu jamani, juzi tu tumeongea, juzi tu!"

Nilipofika uani kwa Mzee kulikuwa na watu wengi na kimya cha ajabu. Kimya hicho kingenishtua kama ningekuwa na akili, lakini nilikuwa nimejifunika uso kwa kanga, ninapiga yowe peke yangu, ninapenya katikati ya watu, hakuna anayenizuia, mpaka nikajigonga kwa mtu aliyesimama mlangoni nikaanguka miguuni pake.

"Nanzia," mtu huyo akasema, "unamlilia nani?"

"Nakulilia wewe, baba!" nikajibu, na bado sijafunua uso.

Kisha sauti ikaniingia. Nikafunua kanga. Mzee Eliamini alikuwa amesimama na bakuli la makande mkononi, punje moja ya haragwe imemgandia kwenye ndevu. Kumbe alisikia kengele akiwa anakula, akamwuliza jirani nani amefariki, jirani akakimbia. Akamwuliza wa pili, naye akakimbia. Mpaka mwinjilisti wa kanisani alipokuja mwenyewe na Biblia kwapani, akamkuta marehemu anatafuna, ndipo Mzee akajua ni yeye.

Watu walikuwa hawajui wakae au waondoke. Wamama wameshaweka ndizi chini, kuni zimerundikwa, mtu kaleta sukari (na sukari ya miaka ile mnajua ilivyotafutwa, hata ruksa ya biashara ilipokuja ilichukua muda kutufikia sisi wa mlimani). Mzee akawa anauliza kwa hasira ni nani kaleta uchuro huu nyumbani kwake, na mimi nauliza pamoja naye, tena kwa sauti, "Ndiyo, ni nani huyo asiye na haya?" Nilisema hivyo, jamani. Mbele ya kijiji kizima.

Hapo tukasikia lori linapanda, na ndani yake watu wanaimba nyimbo za kuaga. Lilijaa watu wa mkongeni, Wamakonde, Wahehe, Waha, watu ambao Mzee hakuwahi kuwaona, wamekuja kumzika mkwe wa fundi wao. Namsifu akaruka kabla lori halijasimama, akaja mbio na kilio chake, akamwona baba yake. Akakaa chini pale pale kwenye vumbi akabaki kumtazama. Na nyuma yake wanaume wanne wakashusha jeneza.

Jeneza zuri! Mninga mtupu, limepigwa randa likang'aa, na mbele yake kashika Sadoki, macho mekundu kwa kukesha akilitengeneza.

"Jumanne!" mwinjilisti akaita. "Nani alikuambia habari hizi?"

Jumanne, akiwa juu ya lori, akaninyooshea kidole. "Si dada Nanzia huyo! Tena nikampa pole akasema ameshapoa!"

Macho yote yakanigeukia, na mimi bado niko miguuni pa Mzee nimekumbatia goti lake. Mzee akauliza taratibu, na Mzee akiuliza taratibu ndiyo hatari, "Nilikutuma ukaseme nini?"

"Aje nyumbani, baba."

"Ukasema nini?"

"Aje haraka... mengine atayakuta huku."

Uani pakatoka mguno mmoja wa watu wote. Bibi mmoja akapiga kofi, akasema, "Mtoto wewe, hayo ni maneno ya kumwambia mtu aliye hai?" Nilitamani ardhi inimeze na mguu wangu mmoja wa kandambili. Lakini aibu haikuwa kitu. Nilimwogopa Mzee. Nilimwona anavyolitazama lile jeneza, nikajua basi, atawafukuza tena, na safari hii hakuna wa kumlaumu isipokuwa mimi. Akaanza kufoka kwa Chasu, Kipare chetu (Mzee akikasirika Kiswahili kinamkimbia) kwamba amezikwa hai, kwamba ametafutiwa kifo. Kisha akanyamaza. Akaweka bakuli chini, akalisogelea jeneza, akapitisha kiganja kwenye ubao, akachungulia kwenye maungio, akapima kwa macho kutoka kichwani mpaka miguuni.

"Hili lanitosha sawasawa," akasema. "Nani alinipima?"

Sadoki akajibu chini chini, "Nilikukadiria, baba. Siku ile uliponifukuza ulikuwa umesimama mlangoni."

Nikafumba macho. Nikasema moyoni, Sadoki, kwa nini usinyamaze kama siku zote?

Mzee akamwangalia. Akaangalia mlango wake. Akarudi kumwangalia. "Nilikufukuza, na wewe ukakaa usiku kucha unanitengenezea hili?"

"Ulikuwa baba wa mke wangu."

"Mbao nzuri namna hii umezitoa wapi?"

Namsifu, kutoka pale chini kwenye vumbi, ndiye aliyejibu. "Zilikuwa za kitanda chetu, baba. Tumezitunza tangu tuoane."

Nawaambia Mzee Eliamini alianza kucheka. Kwanza mabega, kisha tumbo, akacheka mpaka akalishikilia jeneza lake mwenyewe asianguke, na machozi yakawa yanamtoka, na sijui kicheko kiliishia wapi na kilio kikaanzia wapi. Akamwinua binti yake. Akampokea mtoto, akamwita, "Nakiete," mara moja tu. Kisha akamgeukia Sadoki, akasema, "Vifaa umekuja navyo, mwanangu? Basi livunje hilo hapa hapa. Tengeneza kitanda. Leo mnalala kwangu."

Ndizi za msiba zikapikwa zikaliwa kwa furaha, sukari ikaingia kwenye chai, watu wa mkongeni na watu wa mlimani wakagombania kupiga misumari, na mwinjilisti alipoombwa kuomba alifungua Biblia, akaifunga, akaifungua tena, maana hakujua aanze na ibada ipi. Namsifu alinikumbatia, akanifinya sikio mpaka nikapiga kelele, akasema, "Wewe! Ungesema tu!" Nikamwambia nilitaka kuuona uso wako. Akasema, "Umeuona?"

Tangu siku ile niliapa, habari njema naisema yote mlangoni kabla sijapewa kiti, na kama ni ya kutuma mtu, namtaka anirudishie alivyosikia. Wengine mpaka leo wananiita Mengine Utayakuta, na naitika.

Nilikuwa nanyata kuondoka jioni ile Mzee akaniita. Nikajua ndiyo yangu. Akasema, "Kesho utateremka njia nzima liliyopita lori, nyumba kwa nyumba, uwaambie niko hai. Na uwaambie yote, usibakize neno."

Nikateremka. Kila nyumba napiga hodi, najieleza, nachekwa, nasonga mbele, mpaka sauti ikanikauka. Nyumba ya mwisho alikuwepo bibi mmoja mzee sana, kiziwi kidogo, ameshajifunga kanga anataka kupanda msibani. Nikampa shikamoo, nikamwambia Mzee Eliamini yuko nyumbani anakula na binti yake na mkwewe.

Akashika kifua. "Mungu wangu! Amefufuka?"

"Hapana, bibi," nikamwambia sikioni. "Amesamehe."