Kura ya Mheshimiwa

Siku yangu ya kwanza kazini, msimamizi wangu, Mkenya mcheshi, alinikabidhi glavu na daftari la huduma, ambamo mhudumu huandika kila anachomfanyia mzee. "Andika ulichokiona, dada," aliniambia. "Na mzee akisema leo ni Krismasi, mtakie heri. Usibishane."

Nilianzia nyumba ya wazee, kisha nikapelekwa kuhudumia majumbani. Huko Edmonton, Kanada, nikamkuta Mheshimiwa, Mmarekani aliyeishi kwa binti yake. Zamani alikuwa mbunge katika jimbo moja la kusini huko kwao. Nikimwosha, alinisimulia maisha yake: mtoto wa mkulima wa pamba, wakili, vipindi vinne bungeni, kisha akashindwa. Mpangilio wa matukio ulibadilika kila siku. Siku nyingine alishindwa kabla hajagombea. Kwa sababu ya daftari, alinidhani karani wa Bunge.

"Karani, ule muswada wa watoto weusi kusoma pamoja na weupe. Nilipiga kura gani? Sitaki kufa sijui."

Aliuliza kila asubuhi, kikombe cha uji mkononi. Nikakumbuka somo la msimamizi. "Ulikubali, Mheshimiwa." Alimaliza uji wote. Nikaandika: *Ameuliza kura yake. Nimemwambia alikubali. Ametulia.*

Akaja msimamizi mpya, Mtanzania mwenzangu, akalisoma daftari. "Mama Neema, kura hiyo uliiona?"

"Sikuiona."

"Kumbe siku hizi tunawapigia kura Wamarekani!"

Niliona aibu. Nikamwomba binti yake anisaidie kuitafuta kura hiyo, naye akatoa sanduku la kumbukumbu za Bunge lao. Tukaupata ukurasa: waliokubali, waliokataa, na chini kabisa, peke yake, jina la baba yake. Hakuwepo siku ya kura. Binti hakujua alikuwa wapi.

Kesho yake nilimjibu, "Hukuwepo, Mheshimiwa."

"Nilikuwa wapi?"

"Haikuandikwa."

Aliusukuma uji. Asubuhi iliyofuata alikuwa amesahau, akauliza upya. Nikamjibu vilevile, akaumia upya. Wiki nzima ikawa hivyo. Sikujua tena nimfuate msimamizi yupi.

Sasa nimestaafu, na vijana mnaoingia kazi hii mnaniuliza lipi lilikuwa sahihi. Sijui. Ninachojua ni kwamba asubuhi moja hakuuliza. Alinitazama nikifungua daftari, akajiweka sawa kitini.

"Karani," alisema, "leo niandike nipo."

Sikujua kama alikuwa amekumbuka. Niliandika nilichokiona: *Yupo.*