Kigoda cha Susu Mlangoni kwa Mulei

Kila nikisikia tembe zikigongana ndani ya kopo la plastiki, mimi huacha nilichokuwa nikifanya. Hata leo, kijana wa duka la dawa akitikisa kopo mbele yangu, mara moja narudi Mbumbuni, msichana mdogo asiye na viatu, nimeshika pindo la leso ya Susu. Susu ndivyo sisi Wakamba tunavyomwita nyanya, na huyo ndiye aliyenilea.

Magoti yake yalikuwa yamechoka. Miaka mingi alikuwa amechimba, pamoja na akina mama wenzake, mitaro ya kuzuia udongo usisombwe na mvua. Basi kila siku ya soko tulipita kwa Mulei. Mulei aliuza sukari, sabuni na mafuta ya taa, lakini upande mmoja wa kaunta alikuwa na makopo ya dawa, na akifika upande huo alivaa koti jeupe. Watu walimwita daktari, naye aliitika. Alifunga tembe kwenye kipande cha gazeti, akamwambia Susu ameze asubuhi na jioni, na maumivu yakikataa aongeze.

Susu alizimeza alfajiri kwa chai ya rangi, kabla ya kutia chakula tumboni, kisha akashika jembe. Na kweli magoti yalinyamaza. Msimu huo alichimba kama aliyeolewa jana, nami nikamwona Mulei kama malaika.

Kisha tumbo likaanza kumchoma. Aliacha maharagwe, akaacha mahindi, mwishowe akawa anakunywa uji tu, amekunja uso. Nilikuwapo alipomweleza Mulei. Hakumuuliza hata swali moja. Alichukua kopo lile lile, akasema, "Hii ni ya maumivu, mama. Ya goti, ya tumbo, yote ni maumivu."

Tulikuwa tukivuna mbaazi alipoanguka. Asubuhi alikuwa ameniambia choo chake kimekuwa cheusi kama lami, nami nikacheka, maana mtoto hucheka choo kikitajwa. Pale shambani alitapika kitu kama machicha ya kahawa, kisha damu yenyewe. Wanawake walimbeba kwa blanketi hadi barabarani.

Hospitalini alitiwa damu. Daktari, huyu wa kweli, alimweleza mjomba wangu kwamba zile tembe zilimchimba vidonda tumboni na kuumiza figo, na kwamba asizimeze tena maishani. Kisha akasema Mulei alikuwa ameshaonywa, baada ya mzee mmoja wa Kasikeu kufa vivyo hivyo. Mjomba aliyarudia hayo kando ya kitanda, akidhani Susu amelala.

"Alijua?" Susu akauliza.

Mjomba akakubali kwamba alijua. Susu akageukia ukuta.

Alirudi nyumbani amekonda, nguo zikimpwaya. Mchungaji alikuja kuomba naye na kumkumbusha habari za kusamehe. Susu alimshukuru, akamwandalia chai. Siku ya soko ilipofika alivaa gauni la kanisani, akanibebesha kigoda chake, tukaenda kuketi nje ya mlango wa Mulei. Akatoa kiondo alichokuwa akisuka.

Kila aliyefika alisalimiwa vizuri, akaulizwa habari za nyumbani, kisha akaulizwa amekuja kununua nini. Wa sukari aliambiwa apite salama. Wa tembe alisimuliwa yote, tangu choo cheusi hadi damu, bila kupunguza sauti. Mulei hakuweza kumfukuza mwanamke wa umri ule mbele ya soko zima. Baada ya masoko kadhaa alitoka na pakiti ya sukari, akainama.

"Chukua, mama. Tusameheane."

Susu hakuinua macho kutoka kwenye kiondo. "Mwite mzee wa Kasikeu aje tuigawane."

Koti jeupe likatoweka kwanza, kisha makopo, kisha hata wanunuzi wa sukari. Mulei akafunga duka akahamia mbali, upande wa Tseikuru. Susu alipopata habari, alimtafuta mfanyabiashara wa mbuzi aliyekuwa akienda huko, akampa habari za Mulei awasimulie watu wa huko. Na kanisani, tulipofika katika sala pale pa kuwasamehe waliotukosea, alifunga mdomo mpaka wengine wapite.

Mimi nilifurahia kila siku ya vita ile. Nilidhani Susu amepona, kwa kuwa aliweza kushuka mpaka sokoni na kupanda tena kilima. Sasa magoti yangu nayo yameanza, na ndipo nimeelewa. Alitembea njia ile bila dawa yoyote, akakaa siku nzima kwenye kigoda kifupi, kisha akainuka. Tukirudi jioni alikuwa akitoa sauti ya chini chini kooni, nami nikadhani anaimba wimbo wa kanisani, nikawa namfuatisha. Haukuwa wimbo. Na siku ya soko iliyofuata, yeye ndiye aliyeniamsha.