Matundu Tatu ku Musalaba wa Arnaud

Mu vita, kama ulikufa mu mutaa wetu wa Kamenge na watu wako wakapata maiti yako, Muzee Libère njo alikutengenezea sanduku. Ateliye yake ya useremala ilikuwa nyuma ya soko. Mi nilikuwa naziba mipira ya baiskeli pembeni, kila kitu niliona.

Mbele ya kupima mbao, anaulizaka kwanza: «Alikuwa anasali wapi?»

Lazima aulize. Mukatoliki anataka musalaba na Yesu juu yake. Mulokole anataka musalaba mutupu. Muadventista anasema weka mbao tu, achana na mambo ya musalaba. Ukikosea, familia inakurushia sanduku mu barabara.

Wale Yesu wadogo, Atumani wa Buyenzi njo alikuwa anawatengeneza. Mwislamu! Anayeyusha sufuria za zamani za alimini, anamwaga mu kalibu. Siku moja nikamuchokoza: «Atumani, weye mbinguni utaingilia mulango gani?»

«Mi ninauza alimini,» akasema. «Jina munaitia nyinyi.»

Muzee Libère alikuwa Mukatoliki wa kabisa. Rozari yake ilikaa mu mufuko moja na misumari, ikitoka inatoka na vumbi ya mbao. Na alikuwa na mutoto mumoja tu, Arnaud, kijana mupole, njo alimusaidia kazi.

Halafu Arnaud akaokoka. Wakamubatiza tena mu ziwa, kule Ruziba, akarudi suruali inatona maji, anaimba.

«Maji yenye nilikubatizishia utotoni ilikuwa machafu?» Muzee akamuuliza.

Arnaud akakamata randa, akaendelea na kazi. Lakini siku ingine Papa yake akamupatia nyundo amupigilie Yesu ku sanduku, yeye akaiweka chini.

«Papa, huyu alifufuka. Juu ya nini tunamupigilia tena kila siku?»

Muzee akaokota ile nyundo, akamurushia. Ilipita karibu na sikio. «Toka! Enda kwa wale wa kupiga kelele! Kwangu usirudi!»

Arnaud akaenda kuishi Mutakura kwa pasteri wake, Salvator. Mama yake, Ernestine, alikuwa anamupelekea chakula kwa kujificha. Muzee, hata salamu hakumutumia. Mi nilimuambia, Muzee, enda umurudishe, mutoto ni wako. Akaniambia nizibe mipira yangu. Ile kichwa ngumu, mpaka leo nikiikumbuka damu inanichemuka.

Mu 2003, bombe za waasi zilikuwa zinatoka ku milima. Moja ikaanguka karibu na kanisa ya Mutakura, koro iko inajifunza nyimbo. Kipande ya chuma ikamuingia Arnaud mu shingo, akafa pale pale.

Asubuhi pasteri Salvator akakuja ateliye. Mama Ernestine alikuwa amefika mbele yake.

«Mutoto wangu ataenda na Yesu yake,» mama akasema.

«Mama Arnaud, pole sana. Lakini yeye mwenyewe aliamini musalaba mu...»

«Weye unamujua toka lini? Mi nilikimbia naye ku mugongo, risasi zinapita! Weye ulikuwa wapi?»

Nilisimama nimupige yule pasteri. Kweli, ngumi ilikuwa tayari. Halafu nikaona iko analia, kamasi mpaka ku kravati ya shingo. Nikakaa.

Muzee Libère akakamata kipimo yake. Akafungua kinywa, vile anafanyaka kwa kila mutu.

«Alikuwa anasali...»

Tukamuangalia wote. Akageukia pasteri.

«Mutupu,» akasema. «Ataenda na musalaba mutupu.»

Mama Ernestine akaanguka mu vumbi ya mbao. «Baba Arnaud, unamunyima Yesu?»

«Nilimunyima nyumba. Hii sitamunyima.»

Akaanza kazi. Akakata, akapiga randa, akaunga musalaba. Na mikono yake, bila kumuuliza, ikatoboa: tundu moja kushoto, moja kulia, moja chini. Matundu ya misumari ya Yesu, vile alikuwa ametoboa miaka yote. Akaona. Na mi nikaona. Mbao ingine ilikuwa apana, na tulipaswa kuzika mbele waaskari hawajafunga barabara.

Akaziba na vumbi ya mbao na kole, ile gundi ya mbao, akapaka verni juu ing'ae. Bado matundu yalionekana.

Ku makaburi, Walokole wanaimba na nguvu, Wakatoliki wanasali rozari polepole, kila mutu upande wake. Pasteri Salvator akaona yale matundu. Akaendelea kuimba na watu wake. Mama Ernestine akapiga magoti, akakwangua moja na kucha mpaka vumbi ikatoka, akaingiza kidole. Akakaa hivyo. Tulimutoa kwa nguvu ndiyo sanduku ikashuka. Yesu iko wapi, hakuuliza tena.

Muzee Libère aliendelea na misa yake kila Siku ya Mungu, na masanduku yake. Lakini Yesu, hakumupigilia tena mwenyewe. Mukatoliki akikuja, Muzee anamaliza yote, anatoboa matundu tatu, anaweka Yesu wa Atumani juu ya meza, anamunyooshea nyundo: «Pigilia weye.»

Kuna wenye walimutukana. Siku moja mama moja alikuwa anapiga, anakosa musumari, nikasimama nimusaidie. Muzee akanishika mukono.

«Acha. Ni mutu wake.»

Akageuza mugongo, akaangalia barabara mpaka nyundo ikanyamaza.