Kijito Kinachokauka

Kijiji hiki kina vijito viwili, na hapo ndipo balaa lilipoanzia. Kimoja kiko karibu, chini tu ya nyumba za mwisho, na kila kiangazi hukauka mpaka mbuzi wakalala ndani yake. Kingine kiko mbele zaidi, ng'ambo ya matope na matete, nacho hakijawahi kukauka tangu watu waanze kukumbuka. Katikati ya vijito hivyo pana kipande cha ardhi nyeusi chenye nyumba saba. Karatasi za wakubwa zilisema mpaka wa nchi mbili ufuate kijito kisichokauka. Ajabu ni kwamba nguzo za mpaka zimesimama kando ya kile kinachokauka, na nyumba saba zikajikuta ugenini bila kuhama hata hatua moja.

Kijiji kimewalaumu wapimaji kwa miaka arobaini na tisa. Wameitwa vipofu, wameitwa walevi, na wapo wanaoapa kuwa walihongwa. Mtu mmoja tu hajawahi kuchangia maneno hayo, naye ni mzee anayezipaka nguzo hizo chokaa. Jina lake la kuzaliwa limeshasahaulika. Wote humwita Mzee Chokaa, na watu humsifu kwa kutopenda kusengenya.

Kazi yake si ya mchezo. Kila kiangazi hufyeka majani kuzunguka nguzo thelathini na moja, husugua ukungu kwa brashi ya waya, kisha hupaka chokaa mikono miwili, wa pili baada ya wa kwanza kukauka. Kwa kuwa nguzo ina pande nne, hawezi kuimaliza bila kusimama nchi zote mbili. Barua yake ya ruhusa inamkubalia hatua tatu ng'ambo, basi. Askari humtania kwamba ndiye mtu pekee anayekwenda nchi za nje kwa ndala.

Nguzo ya kumi na tisa iko nyuma ya jiko la dada yake mkubwa, aliyeolewa katika moja ya zile nyumba saba. Kwa miaka ishirini ya kwanza nguzo hazikumsumbua mtu. Watu walizianikia nguo. Kisha wakubwa wa pande mbili wakakosana, mpaka ukafungwa, na lango la halali likawekwa mwendo wa siku mbili kutoka hapo. Mama yao alipofariki, dada alisikiliza vilio vya msiba akiwa jikoni kwake. Tangu mpaka ufungwe ndugu hawa wawili huonana mara moja kwa mwaka, chokaa inapokauka.

Sasa ukweli wenyewe ni huu, na mimi sitaupamba. Wapimaji walikuja wakati wa masika, vijito vyote viwili vikiwa vimejaa. Waliajiri vijana wa kubeba nguzo, na kijana mmoja wa miaka ishirini na miwili alitembea nao mbele. Walipofika kwenye kijito cha karibu wakamuuliza yeye, mwenyeji, kama hicho ndicho kisichokauka. Alikuwa na nguzo begani tangu alfajiri. Shingo ilimuuma, miguu ilikuwa imechubuka, na mbele yake aliyaona yale matope ya kumfika magotini. Akajibu kwamba ndicho hicho. Hakuwa na nia mbaya hata chembe. Alichoka tu, na kwake yeye nguzo ilikuwa jiwe tu, popote iliposimikwa.

Kiangazi hiki karani wa mipaka alimjulisha Mzee Chokaa kwamba mwakani zitakuja nguzo za chuma, zisizohitaji kupakwa. Alimshukuru kwa utumishi wake, akampa mkono. Mzee alirudi nyumbani akipiga hesabu. Bila brashi hakuna barua, na bila barua hatamwona tena dada yake, kwani lile lango la mbali magoti yake hayaliwezi. Alilokuwa ameliahirisha kila mwaka sasa lilikuwa limebakiwa na asubuhi moja.

Alifika nguzo ya kumi na tisa mapema. Dada alitoka na kigoda chake, akakaa, wakaulizana hali za magoti na za wajukuu. Mzee alipaka pande zote nne bila kuinua macho. Mkono wa kwanza wa chokaa ulipoisha hakuwa tena na pa kujificha, akapiga moyo konde.

"Dada, wapimaji hawakukosea. Waliniuliza mimi."

Akamweleza yote: masika, bega, matope. Dada alikuwa akitazama kijito kikavu mbele yao, na mikono yake ilikuwa imetulia mapajani. Mzee alidhani atalia, au atamtukana, na yote mawili angeyapokea kwa shukrani.

"Mama alijua?" dada aliuliza.

"Alijua. Nilimwambia alipokuwa mgonjwa."

"Alisema nini?"

Hapo ndipo alipotamani kudanganya, na uongo ulikuwa tayari mdomoni, mtamu. Lakini kujibu harakaharaka kwenye kijito hiki kulishamgharimu vya kutosha.

"Alisema nikuambie."

Dada alihesabu kwa vidole. Ilikuwa miaka ishirini na minne tangu mama yao azikwe. Aliinuka kwa shida, akajishikiza kwenye nguzo, chokaa ikamganda kiganjani bila yeye kujali. Alipozungumza, sauti yake haikupanda.

"Ya kuchoka nayaelewa. Ulikuwa mtoto, na kwa uzito wa nguzo zile nilikuonea huruma hata mimi. Lakini ungeniambia Mama alipokutuma, ningekukasirikia. Ningekukasirikia sana, pengine miaka kumi. Kisha tungepatana, tukabaki na miaka yetu mingine ya kukaa hapa tukicheka. Leo nina miaka sabini na sita na hasira ndiyo kwanza inaanza. Sasa niambie, mdogo wangu, nitaimaliza lini?"

Akakaa tena kwenye kigoda, akamkazia macho, akasubiri ajibiwe.