Kura ya Mistari Mitatu

Miaka ile nilikuwa nafundisha hesabu katika shule moja ya sekondari mjini Bunia, na kila Jumamosi nilikuwa sokoni pamoja na mama mudogo, ndugu ya mama yangu, ambaye ndiye aliyenilea tangu nikiwa na miaka tisa. Yeye aliuza samaki wa chumvi na fretini, vile visamaki vidogo vya ziwa, karibu na mlango wa hangari, lile banda kubwa la soko. Mimi nilimsaidia kufungua mizigo, kisha nikakaa pembeni kusahihisha makaye, madaftari ya wanafunzi. Akina mama wauza samaki waliponiona naandika, wakanifanya sekretere wa chama chao. Hakuna aliyeniuliza kama nataka.

Prezida wa chama ndiye aliyegawa meza, na jambo hilo peke yake lilitosha kuleta ugomvi. Mwenye meza ndani ya hangari hanyeshewi. Mwenye kukaa nje, mvua moja inamharibia samaki wa juma zima. Tena wauza samaki walitoka pande tatu. Sitaandika majina ya makabila hapa. Mtu wa Bunia anayajua, na wa mbali hayatamsaidia kitu. Itoshe kusema kwamba upande wa mama mudogo, ambao ni wangu pia, ulikuwa na watu wengi kuliko kila mmoja wa zile pande mbili nyingine, lakini hatukuzizidi zikiwa pamoja.

Kupiga kura kwetu kulikuwa kusimama. Wagombea watatu walisimama mbele ya hangari, kila mama akaenda nyuma ya yule anayemtaka, na sekretere akahesabu vichwa. Mwenye mstari mrefu ndiye aliyekuwa prezida. Mara ya kwanza nilipohesabu, mstari mrefu ulikuwa wa mama mudogo, naye akawa prezida. Nilipita nikigusa kila mtu bega na kutaja namba yake kwa sauti. Katika mstari wa mjane mmoja mrefu, mwenyeji wa kandokando ya ziwa, nikamkuta mwanamke wa kwetu, jirani wa meza yetu. Nilisita. Kisha nikamgusa bega kama wengine, nikasema: kumi na saba.

Mtu fulani alikuwa anapiga picha kwa simu. Kabla ya jioni picha ilikuwa imefika kwa ndugu zetu wote, na kichwa cha yule jirani kimezungushiwa alama nyekundu. Siku ya tatu alikuta samaki wake wote wamemwagiwa petroli. Alisimama kidogo akiwatazama, akafunga kikwembe chake vizuri, akaondoka, na meza yake ikabaki tupu.

Jumapili nilimfuata nyumbani. Alinipa kiti, akaniletea maji. Nilimwuliza kwa nini alisimama kule. Akaniambia kwamba mtoto wake alipolazwa hospitalini, yule mjane alikaa naye majuma mawili, akipika na kufua, wakati ndugu zake mwenyewe hawakuonekana. Halafu akasema, bila hasira:

"Weye ulitaja namba yangu kwa nguvu. Kama ungenyamaza, pengine hawangegeuza kichwa."

Tangu siku hiyo, kila nilipoona watu wawili wanaangalia simu moja sokoni, nilitafuta njia nyingine ya kupita.

Mwaka uliofuata mkuu wa shule alinipa pia saa za elimu ya uraia, kwa sababu mwalimu wa somo hilo alikuwa amehama. Nikajikuta naeleza ubaoni namna inchi yetu inavyochagua. Niliwaambia wanafunzi kwamba zamani mtu alihitaji kupita nusu ya kura ili awe rais, na asipopita, wawili wa kwanza walirudi kwa duru ya pili. Kisha sheria ikabadilishwa, duru ikawa moja, na mwenye kura nyingi kuliko wenzake akapita hata kama hakufika nusu. Niliwaeleza pia namna viti vya wabunge vinavyogawanywa kwa orodha, kila orodha kadiri ya kura zake. Msichana mmoja wa benchi la mbele akauliza: "Madame, basi mutu anaweza kuongoza watu wengi wenye hawakumutaka?" Nikamjibu kwamba sheria inaruhusu. Aliandika jibu langu katika kaye yake neno kwa neno, na mimi nikabaki na chaki mkononi nikiwaza hangari.

Ilipokaribia siku ya kuchagua tena, shefu wa kartiye, mkuu wa mtaa wetu, alituonya kwamba akina mama wakigombana tena kama safari ile ya petroli, atafunga hangari yote. Ndipo chama kikaazima ukumbi wa parokia ili tutafute namna nyingine, na mimi nikatumwa kueleza namna zote zilizopo.

Mama mudogo alisema wa kwanza. Alitaka mistari ibaki. Kwake, mtu anayempenda mgombea wake hana sababu ya kuficha uso, na karatasi ni kazi ya wezi. "Siye njo wengi," alisema. "Kama wengi hawatatawala, nani atatawala?" Upande wetu ukapiga makofi.

Wengine walitaka karatasi ya siri, jina moja tu. Hilo lingeficha uso wa mtu, lakini nilivyopiga hesabu, mgombea wetu angepita kila mara, na wale wa pande mbili wangeendelea kukaa mvuani hadi siku watakapochoka na kuleta mawe. Nikaeleza duru mbili. Hapo ukumbi uliingiwa na baridi. Kati ya duru ya kwanza na ya pili kungekuwa na juma moja, na kila mmoja wetu alijua juma moja linaweza kufanya nini Bunia: watu wangejua nani amebaki, ndugu wangepita nyumba kwa nyumba, na maneno ya sokoni yangefika mpaka vijijini. Mama mmoja mzee, aliyekuwa amekimbia mara mbili katika maisha yake, alisema hataki hiyo juma. Hakuna aliyebishana naye.

Nikabaki na namna ya mwisho, ambayo niliogopa kuieleza kwa kuwa wengi wao hawakusoma. Niliwauliza: ukifika nyumbani unatamani samaki, ukakuta samaki amekwisha, utakula nini? Wakasema maharagi. Na maharagi yakikosekana? Sombe, yale majani ya muhogo. Basi, nikasema, karatasi itakuwa na alama tatu, kikapu cha mama mudogo, taa ya mjane, na sufuria ya mgombea wa tatu, mama mmoja ambaye mume wake alichimba dhahabu huko Bambu. Weka mstari mmoja kwa unayemtaka kwanza, miwili kwa wa pili, mitatu kwa wa mwisho. Tukihesabu, asipopatikana mwenye kupita nusu, mwenye kura chache kuliko wote anatoka, na karatasi zake zinakwenda kwa wale waliopewa mistari miwili. Yote siku moja, bila kurudi nyumbani katikati.

Walibishana muda mrefu. Halafu mtu akauliza tutachagua vipi namna ya kuchagua, na kwa mara ya kwanza siku ile watu walicheka. Tulikubaliana kunyoosha mikono huku wote wamefumba macho, isipokuwa mimi na mtawa aliyetuazima ukumbi. Karatasi ya mistari mitatu ikashinda kwa mikono michache. Niliona mikono ya kwetu mitano au sita imeinuka. Nimeitunza siri hiyo hadi leo.

Siku mbili kabla ya kura, mama mudogo alikuja nyumbani kwangu. Alikaa jikoni akachambua mchele wangu, kazi ambayo sikumwomba.

"Weye njo utahesabu?" akauliza.

Nikamwambia tutakuwa watatu, mmoja kila upande.

"Nimekuuliza weye."

"Ndiyo, mama mudogo. Nitahesabu."

Aliendelea kutoa vijiwe. "Nilikulea. Sikuombi uibe. Nakuomba tu usisahau."

"Sisahau," nikasema. "Lakini nitahesabu vile karatasi inasema."

Alisukuma sinia mbele yangu, akatafuta viatu vyake, akaondoka bila kunywa chai. Nilitamani kumkimbilia mlangoni.

Siku ya kura ilianza vibaya. Lori zinazoleta bidhaa kutoka Komanda zilikuwa hazijafika tangu jana yake, na sokoni kila mtu alikuwa na habari yake: wengine walisema ni tope, wengine walisema ni risasi. Nilifikiri akina mama hawatakuja. Walikuja. Mlangoni mtawa aliweka kikapu, na kila mmoja akaacha simu yake humo kabla ya kuingia. Wanawake themanini na watatu walipita mmoja mmoja nyuma ya pazia. Karibu na mwisho alitokea yule jirani wetu wa zamani, mwenye samaki waliomwagiwa petroli. Jina lake lilikuwa bado katika kitabu cha chama, sikuwa nimelifuta. Alichukua karatasi mkononi mwangu bila kuniangalia, akakaa nyuma ya pazia muda mfupi tu, akatoka nje ya ukumbi moja kwa moja.

Tulimwaga karatasi juu ya meza na kuanza. Nilisoma kila alama kwa sauti, wenzangu wawili wakaangalia karatasi kabla ya kuiweka chini. Kikapu thelathini na nne. Taa ishirini na sita. Sufuria ishirini na tatu.

Upande wetu ulisikia thelathini na nne, ukasimama na vigelegele. Mama mudogo alikuwa tayari anakumbatiwa. Ilinibidi kusema, mbele ya watu walionibeba mgongoni nikiwa mtoto, kwamba bado hatujamaliza, kwamba nusu haijafikiwa na sufuria inatoka. Sauti yangu ilitoka ndogo. Mtawa akarudia maneno yangu kwa sauti kubwa.

Tukachukua zile karatasi ishirini na tatu. Moja ilikuwa na mstari mmoja tu, bila pa kwenda. Tukaiweka kando baada ya kuionyesha kwa wote. Nne zikaenda kwa kikapu. Kumi na nane zikaenda kwa taa. Nilihesabu mara tatu, nikitumaini nimekosea na nikiogopa nimekosea. Mama mudogo thelathini na nane, mjane arobaini na nne.

Mtu alipaza sauti nyuma kwamba wametuibia. Benchi likaanguka. Mama mudogo alichukua simu yake kikapuni, akapita katikati ya watu, akatoka. Upande wetu ulidai kuhesabu upya, na wenzangu wawili wakahesabu bila mimi kugusa hata karatasi moja. Wakapata yaleyale.

Jioni ile nilipokea ujumbe kutoka namba nisiyoijua: "Mwalimu wa hesabu, tunajua shule yako." Kesho yake ukaja mwingine unaotaja rangi ya mlango wangu. Nilikusanya watoto wangu wawili na nguo chache, tukaenda kukaa kwa mwalimu mwenzangu upande mwingine wa mji. Niliwaambia watoto kwamba tunatembelea. Yule mkubwa aliniuliza kwa nini basi nimebeba diplome zangu. Nilikwenda kufundisha kwa njia tofauti kila siku, na pikipiki yoyote iliyopunguza mwendo nyuma yangu ilinifanya nisimame kana kwamba natafuta kitu katika mfuko. Nilikuwa nimewaambia akina mama kwamba karatasi itawalinda. Ilikuwa imewalinda wao. Aliyehesabu alikuwa na uso.

Sokoni, hangari ilibaki nusu tupu. Watu wa kwetu hawakufungua mizigo, na shefu wa kartiye alikuwa amepita mara mbili akiangalia. Siku ya nne mama mudogo alifika asubuhi, kikapu kichwani. Sikuwapo, lakini walinieleza wengi, kila mmoja kwa namna yake, na jambo lenyewe halikubadilika. Alikwenda hadi kwa yule mjane, akamsalimu "mama prezida" watu wote wakisikia, akamwuliza meza yake ni ipi. Mjane akamwonyesha ileile ya karibu na mlango. Mama mudogo akaweka samaki wake juu, akaanza kuita wateja. Kabla ya saa sita upande wetu wote ulikuwa umefungua mizigo.

Mchana alinifuata shuleni. Alisimama chini ya dirisha la darasa hadi kengele ikalia, nami nikatoka. Tulisimama uwanjani, wanafunzi wakitupita.

"Hesabu yako sijaikubali," akasema. "Lakini kama soko ikifungwa, tutakula nini?" Kisha akatazama viatu vyangu, ambavyo vilikuwa na tope la njia za mbali. "Rudisha watoto nyumbani. Hakuna mutu atakuandikia tena."

Sikumwuliza alijuaje kuhusu zile barua za simu, wala alizungumza na nani. Tulirudi nyumbani jioni hiyo, na kweli hazikuja tena. Lakini kwa muda mrefu alikuwa akinisalimu kama anavyosalimu mteja, na Jumamosi alimwita mtu mwingine amfungulie mizigo kabla sijafika.

Mjane aliongoza vizuri katika mambo mengine, vibaya katika mengine. Alihamisha meza mbili kwa ndugu zake, tukalalamika, akarudisha moja. Yule jirani alianza tena kuuza, nje ya hangari, kwa hiari yake, karibu na barabara ambako aliweza kuona wanaokuja.

Mwaka huu kura inakuja tena. Wengine wanataka kurudi kwa mistari ya kusimama, wakisema karatasi inachosha. Mama mudogo hagombei, miguu inamuuma. Komite iliponiita, niliwaambia kwamba nitakuja kufundisha namna ya kuandika mistari, mara nyingi kadiri wanavyotaka, lakini kuhesabu watafute mtu mwingine. Walitazamana. Kisha mmoja wao akaniuliza, kwa sauti ya chini, kama ninamjua mtu yeyote anayeweza.