Sifa za Mtani

Mwenye ghala wa Nachingwea aliambiwa kwamba mwanamke aliyeomba kazi kwake ni mwizi wa kuku, mvivu, na siku akifa hata fisi watamsusa. Aliyesema hayo ni mzee aliyefanya naye kazi misimu mingi, anayempenda kama mdogo wake.

Nayajua kwa sababu mimi ndiye niliyemrekodi. Utafiti wetu ulitaka kujua kama mwajiri huajiri kwa urahisi zaidi akisikia sauti ya mtu aliyewahi kufanya kazi na mwombaji. Nilikuwa napiga simu, nauliza mtu huyo ni mfanyakazi wa namna gani, na jibu linakwenda kwa mwajiri kama lilivyo. Utaratibu haukuruhusu kukata wala kuongeza.

Mwanamke huyu alikuwa akichambua korosho kila msimu katika ghala la chama cha ushirika, Nambilanje. Sasa alitaka kazi ya mwaka mzima Nachingwea, mjini, ambako bintiye amepanga chumba ili asome. Binti anapika peke yake na kulala peke yake. Mama alitaka waishi pamoja, na bila kazi hiyo asingeweza.

Lakini yeye ni Mmwera na mzee ni Mngindo, watani wasioachana. Nilipomuuliza mzee, alijibu kama anavyojibu kila siku. Mwenye ghala ni mgeni huku, na sauti ya kwenye simu haimwambii mtu nani mtani wa nani.

Nilituma ofisini maelezo ya utani huo, kisha nikaenda Nambilanje kumwambia mzee.

“Kumbe ilikwenda kwa mwenye kazi?” akasema. “Mimi nilidhani unamfikishia salamu zangu!”

Akaingia ndani, akatoka amevaa kanzu yake ya Ijumaa. Tukaenda Nachingwea. Mwanamke, niliyekuwa nimempigia, alitukuta mlangoni mwa ghala.

Mzee alimwamkua mwenye ghala, akasimama wima.

“Huyu hajawahi kupitisha korosho mbovu ili apendwe na mtu,” alisema. “Mwaka nilioumwa, alichambua fungu langu kwanza, ndipo akashika lake. Hakunitangaza kwa yeyote.”

Mwanamke alimkazia macho.

“Wewe Mngindo, una homa?”

“Nyamaza, naongea na mwenye kazi.”

“Tangu nikujue hujanisifu. Au nimeshakufa, mmenificha?”

“Ukifa nitakula ubwabwa wa matanga yako mpaka nishindwe kusimama.”

“Utakufa wewe kwanza, na kanzu yenyewe ya kuazima.”

Akageuka upande, akajifuta uso kwa ncha ya kanga. Mzee naye aliangalia paa la ghala kwa muda, kama mtu anayetafuta linapovuja.

Mwenye ghala alikuwa anacheka. Kisha akaacha.

“Sasa mzee wangu, nishike lipi? La kwenye simu au hili?”

“La kwenye simu lilikuwa lake,” mzee akajibu. “Hili ni lako.”

Mwenye ghala akasema atafikiri.

Wiki kadhaa zimepita. Hajamchukua, hajamkataa, na hajaajiri mtu mwingine. Binti ameshamwomba mwenye nyumba ruhusa ya mama kuhamia chumbani kwake. Mwenye nyumba amekubali. Mwenye ghala bado hajapiga simu.